Tumbo la Mkuu wa Idara

Saa nne na robo asubuhi karani wa masjala alifunika bakuli la tatu la wali, akalamba kijiko, na njaa ikamuuma kana kwamba hajatia kitu mdomoni tangu jana. Nyuma ya kioo, kifungo cha shati la mkuu wa idara kilifyatuka. Mkuu alikuwa hajala kitu. Huwa ana mikutano.

Huu ulikuwa mwezi wa nne karani akitafuna na mkuu akishiba. Sketi ya karani ilishikwa kwa pini tatu. Mkuu alishabadilishiwa kiti mara mbili. Nyumbani mama mkwe alimnywesha karani dawa ya minyoo. Wifi alisema ni mawazo tu, mwenye mawazo hujiliwaza kwa kula. Ofisini walimwita Pipa, na feni ikiwashwa yeye hushikilia meza asipeperuke. Hawana haya watu wale.

Siku alipoanguka kwenye ngazi na majalada ya mkuu mikononi, alipelekwa kwa daktari wa ofisi. Kwa utaratibu wa pale, mfanyakazi hatibiwi mpaka mkubwa wake asaini fomu, kwa hiyo mkuu naye alikuja, akakalia kiti cha mgonjwa.

Daktari alimpima karani sukari, akampapasa tezi ya shingo. Hakuona kasoro.

"Usingizi unapata?"

"Nikimaliza ripoti za mkuu, napata."

Daktari akampa ndizi. Karani alipomeza, daktari aliweka kipimo chake kwenye tumbo la mkuu, akasikiliza.

"Imefika," alisema, akaandika.

"Sasa daktari, mimi nitapona lini?"

"Wewe mama huna ugonjwa. Mgonjwa ni mzee hapa. Presha iko juu, magoti yamechoka. Akiendelea hivi, mwaka haumalizi."

"Jamani dada," mkuu alisema, na uchungu wake ulikuwa wa kweli, "huwezi kujizuia hata kidogo?"

Daktari aliagiza mkuu apumzike, karani ale mara moja kwa siku, mboga bila mafuta. Agizo lilitakiwa kuingia kwenye jalada la karani, na masjala ni yeye, basi akaliweka mwenyewe.

Baada ya miezi miwili mkuu alikuwa mwembamba, ametakata. Wafanyakazi wote waliitwa ukumbini kumpongeza kwa nidhamu yake. Karani aliletwa na kiti chake, maana miguu ilikuwa imegoma.

"Haikuwa rahisi, ndugu zangu," mkuu alisema. "Lakini mtu ukiamua, unaweza."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Karani naye alipiga, ila viganja vyake havikutoa sauti.