Kipini cha Akech

Bwana Tarcisio alifika Kisugu siku ya Jumatano, saa tisa na nusu mchana, akiwa na mizani ya sonara ndani ya mkoba wa kompyuta. Meza ya Hajati Kaltumi ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Aliomba kitu cha kuweka chini yake, akapewa kalenda ya msikiti ya mwaka juzi, akaikunja mara nne. Kisha akaomba feni izimwe, maana upepo wa feni unadanganya mizani. Kaltumi akaizima, akafungua fundo la leso yake, akaiweka sarafu juu ya kisahani cha mizani.

Ilikuwa ya dhahabu, ndogo kuliko kifuniko cha soda. Upande mmoja ilikuwa na meli ya moshi. Upande wa pili ilikuwa na jina la kamanda kwa herufi za Kiarabu, na katikati ya jina hilo palikuwa na tundu ambalo njiti ya kiberiti ingepita.

"Gramu nane nukta moja," alisema Tarcisio.

"Andika haraka," alisema Sadik kutoka kwenye kochi. "Alasiri inakaribia."

Sadik alikuwa mdogo wake Kaltumi, dereva wa malori aliyestaafu bila kupenda. Fuso lake lilikuwa limelala juu ya matofali tangu Ramadhani, likingoja injini. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekaa kikao na kukubaliana sarafu iuzwe kwa duka la vitu vya kale la Bugolobi, ambako Tarcisio alikuwa mtaalamu. Kaltumi aliarifiwa kwa simu. Hakukataa. Alisema tu kwamba duka lingetoa cheti cha historia ya sarafu, na sarafu isingetoka mkononi mwake mpaka majina ya wanawake watano yaandikwe katika historia hiyo. Mama yake alimwachia vitu vitatu: sarafu, vikombe vya chai, na agizo hilo.

Historia yenyewe haikuwa ndefu. Shawish Kamis, babu wa babu yao, alikuwa sajini wa askari wa Kisudani katika ngome moja ya mpakani, kaskazini, chini ya kamanda aliyeitwa Nuruddin Bey. Meli ya mishahara ilipaswa kufika kila miezi mitatu. Ilipotimia miaka mitatu haijaonekana, askari wakaanza kupiga saluti kwa mkono wa kushoto. Bey akaona ngome inahitaji fedha yake yenyewe. Akamwamuru fundi wa bunduki achonge muhuri wa chuma, na kwa kuwa dhahabu haikuwepo, akawaita wake wa askari. Watano wa kwanza wakavua walichokuwa nacho. Bey akawaapia mbele ya bendera kwamba meli ikitia nanga, kila mmoja atarudishiwa chake. Ikapigwa sarafu moja, ikatoka nzuri. Kabla ya kuwaita wengine Bey alitaka muhuri ujaribiwe tena juu ya kipande cha risasi, ukapasuka. Wiki hiyo hiyo ngome ikahamwa.

Sarafu moja ikawa ndiyo hazina yote. Kamis alitunza ufunguo wa sanduku mpaka Kampala. Sanduku walilibeba wanawake.

Walikufa mmoja baada ya mwingine, wa mwisho akiwa bado na meno yake yote, na baada ya kufa waliendelea kuja kila alasiri kuangalia mali yao. Walisuka tabaga, zile sinia za ukindu wa rangi za kufunikia chakula, wakanywa chai, wakaondoka kabla ya magharibi. Nyumbani kwa Kaltumi vikombe vitano vya ziada havikuwahi kurudishwa kabatini.

Adhana ikatoka msikitini. Zulaikha aliingia wa kwanza, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya uzao wake; ndiye aliyekuwa mke wa Kamis. Akavua kandambili mlangoni. Ndewe za masikio yake zilikuwa na matundu marefu, matupu. Alipoketi mkekani, hereni mbili nzito zikawa masikioni, na mizani ikashuka mpaka tano kamili.

Tarcisio aliigonga mizani kwa kidole.

Abwola akaingia na pete yake: tatu nukta nane. Ayaa akaingia na bangili nyembamba: moja nukta tisa. Bakhita hakuwa na pambo lake mwenyewe. Alichotoa kule ngomeni kilikuwa mkufu wa mtoto wake, na alipoketi mkufu ukawa umemzunguka vidole vitatu. Mizani ikasoma sifuri. Sarafu ilikuwa pale pale kwenye kisahani, inang'aa.

Wa tano, Akech, alichelewa kama kawaida yake. Yeye alikuwa na kipini cha dhahabu puani tangu njiani. Aliketi, na mizani haikutikisika.

"Siwezi kuandika sifuri," alisema Tarcisio. "Fomu haitakubali." Alikuwa amepima vitu vingi vya kale, na baadhi yake vilikuja na watu wake. "Naomba kina mama wasogee barazani kidogo."

"Kwa muda gani?" aliuliza Zulaikha.

"Dakika tano tu, mama."

"Bey naye alisema hivyo hivyo," alisema Bakhita, akiinuka, magoti yakilia.

Walitoka. Kila aliyevuka kizingiti pambo lake lilimwacha, na sarafu ikarudia uzito wake kidogo kidogo, mpaka nane nukta moja. Akech alibaki mkekani akiendelea kusuka.

"Na huyu?"

"Huyu alishalipwa," alisema Kaltumi.

Akamweleza. Mwaka alioozwa binti wa Zulaikha, Kamis alisafiri kwenda Bombo akasahau ufunguo. Zulaikha akaitoa sarafu, akaipeleka kwa fundi bunduki mwenye keekee, akamwonyesha pa kutoboa, mahali dhahabu ilipokuwa nene, yaani kwenye herufi. Unga ulioanguka ukakusanywa kwenye karatasi, ukayeyushwa, kikatoka kipini. Akech alikuwa mdogo kuliko wote, na kule ngomeni alitoa kidogo kuliko wote. Walianza na deni walilomudu. Wengine wanne wakapangiana zamu. Kamis akarudi, akakuta jina la Bey limetoboka, akaifungia sarafu, akavaa ufunguo shingoni mpaka alipozikwa. Zamu ya pili haikufika.

Tarcisio alilitazama tundu kwa lenzi, muda mrefu.

"Kwa hiyo hili ni malipo."

"Ni malipo."

"Kwenye kazi yetu linaitwa kasoro, Hajati. Lisingekuwepo, sarafu hii ingekuwa na thamani mara mbili."

Akech aligusa pua yake, akaendelea na ukindu.

"Ndiyo wenyewe hao mabibi zetu," alisema Sadik. "Kazi yao kuharibu mali."

"Nimekusikia," alisema Zulaikha kutoka barazani. "Lile lori nalo nilitoboa mimi?"

Sadik akaangalia simu yake.

Kaltumi alisogeza kiti karibu na meza. "Sasa andika majina."

Tarcisio akachukua penseli. Kaltumi alitaja taratibu, na kila jina akamtaka asome alichoandika. Zulaikha, hereni. Abwola, pete. Ayaa, bangili. Bakhita, mkufu wa mtoto. Akech, kipini.

"Akech wa nini? Si umesema alilipwa?" aliuliza Sadik.

"Alibeba sanduku," alisema Kaltumi. "Andika, mwanangu."

Tarcisio aliandika. Kaltumi alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya majina yote matano, akairudisha sarafu kwenye leso, akafunga fundo, akampa leso nzima. Kwaheri ilisemwa barazani. Wanawake waliinuka wakavaa kandambili zao, wakamfuata Tarcisio mpaka kwenye gari lake. Hakukuwa na nafasi, wakaenda kwa miguu.

Kesho yake alasiri vikombe vitano vilibaki vikavu, na kesho kutwa vivyo hivyo. Siku ya tatu Kaltumi aliviosha, ingawa havikuwa vimetumika.

Cheti kilikuja baada ya wiki tatu, na muhuri wa kung'aa pembeni. Sadik alikiwekea fremu kabla dada yake hajakisoma, akakitundika sebuleni kwake juu ya televisheni. Kaltumi alikisomea hapo hapo, amesimama kwenye stuli. Jina la Nuruddin Bey lilikuwa limeandikwa kamili, pamoja na herufi zilizokuwa zimetobolewa. Jina la Shawish Kamis lilikuwa chini yake, mbele ya neno mhifadhi. Kaltumi alishuka, akaaga, akapitia kwake kuchukua chai na vikombe, akapanda boda mpaka Bugolobi.

Tarcisio alimpokea vizuri, akampa kiti.

"Nilikuonyesha majina, Hajati. Niliyapeleka. Lakini fomu ina mstari mmoja tu wa aliyetengeneza na mstari mmoja wa aliyetunza."

"Wangeandika kwa herufi ndogo."

"Ile mashine haiandiki kwa herufi ndogo."

"Nyuma ya karatasi je?"

"Nyuma kuna masharti." Akafungua droo, akamtolea daftari lake. Majina matano yalikuwa pale, kwa penseli, yameanza kufifia kwa kusuguana na ukurasa wa pili. "Mimi sijayafuta," alisema, na ilikuwa kweli.

Kaltumi aliuliza walipo wale wanawake. Tarcisio akanyoosha mkono kuelekea mlangoni.

Siku ya kwanza dukani waliruhusiwa kuingia. Sarafu ilikuwa imelazwa kwenye kimto cha mahameli ndani ya kabati la kioo, na wanawake walipokusanyika kuitazama ikabaki haina uzito wowote. Kiyoyozi kikaipeperusha, ikaenda kunata kwenye pembe ya juu ya kioo kama kipande cha karatasi. Mwenye duka hakupandisha sauti. Alitoa amri kwamba wale wanne wakae nje saa zote za kazi. Yule wa kipini, kwa kuwa hakuathiri bidhaa, angeweza kuingia akitaka.

Mlinzi wa mlangoni aliitwa Oyet, askari mstaafu kutoka Kitgum. Siku ya pili Akech alimsalimia, "Apwoyo," na Oyet akaitika kabla hajageuka kuona ni nani. Walitajiana koo, wakakuta nyumba moja ya mama wa mama. Tangu hapo Oyet aliwatolea benchi la ndani, lile la wateja, akaliweka kwenye kivuli cha ukuta wa pembeni. Mlango aliendelea kuulinda, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Kaltumi aliwakuta hapo, wanne kwenye benchi, masikio na vidole vitupu, tabaga magotini, na Akech ameketi chini kando yao. Alikuwa amekuja na chupa ya chai na vikombe sita. Alimimina. Aliwaeleza juu ya mstari mmoja, na masharti ya nyuma ya karatasi, na penseli. Hakujitetea. Walisikiliza, Zulaikha akamrudishia kikombe aongezewe.

"Lakini ndani kuna kadi nyingine," alisema Ayaa. "Ile ya kwenye kioo. Labda hiyo ni pana."

Wakamtuma Akech. Oyet akamfungulia, akaingia naye, kwa kuwa Akech hakujua kusoma na kadi ilikuwa na maandishi madogo.

"Mimi nasoma pole pole, mego," alisema Oyet, akimwita mama kwa lugha yao.

"Nina nafasi."

Oyet akainama. "Sarafu ya dhahabu ya Nuruddin Bey. Ngome ya mpakani. Gramu nane nukta moja. Mhifadhi, Shawish Kamis." Akasogeza kidole mstari wa mwisho. "Kasoro: tundu moja."

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Mwisho ni hapo?"

"Mwisho ni hapo, mego."

Akech alitoka. Wale wanne na Kaltumi walikuwa wameacha kusuka na kunywa.

"Tumo?" aliuliza Zulaikha.

"Mimi nimo."

"Wamekuandika nani?"

"Kasoro," alisema Akech.

Bakhita alisogea kidogo, akampa nafasi kwenye benchi. Akech aliketi, akatafuta ncha ya ukindu alipokuwa ameishia.

Kaltumi sasa huja kila alasiri, na chai. Duka hufungwa saa kumi na moja. Saa hiyo Oyet hutoka kuchukua benchi alirudishe ndani, na wanawake husimama ili aweze kulibeba.