Vifuniko vya Taa za Juu

"Mama Rubani, gari lenye taa nne zinazowaka kwa mpigo unalijua ni la nani?"

Aliyeniuliza ni jirani yangu, mke wa muuza mikate. Ilikuwa Jumanne asubuhi, amesimama mlangoni kwangu na ndala mbili zisizofanana. Mumewe alikuwa hospitali. Alitoka alfajiri na baiskeli kupeleka mikate, ukungu umeshika barabara, gari likamjia na mwanga mkali hata asione pa kukanyaga, akatumbukia mtaroni na tenga lake. Mfupa wa bega umevunjika. Gari halikusimama.

Nikamjibu kwamba magari siku hizi ni mengi. Akanitazama kidogo, akasema haya, akaenda zake.

Rubani ni mwanangu wa pekee. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu ya hizo taa. Gari lake likiingia, vijana humuuliza kama abiria wamefunga mikanda, naye hupunga mkono, anafurahi. Sasa mtu akikuita Mama Rubani halafu akakuuliza swali kama lile, hakuulizi, anakupa nafasi. Mimi ile nafasi niliiacha ipite.

Gari lenyewe ni la marehemu baba yake. Taa mbili za njano ziko chini ya bampa, mbili nyeupe kubwa ziko juu yake. Marehemu alinieleza mara nyingi hata nikashika kama sala. Za chini ni za ukungu au mvua kubwa, kukikucha kweupe unazima. Za juu unawasha barabara ikiwa tupu tu, pamoja na taa kubwa za gari, na akitokea mtu mbele unazima, awe na lori, awe na baiskeli. Kwenye ukungu za juu usiziguse kabisa, maana mwanga wake unarudi mweupe kama ukuta, hauoni wewe wala anayekuja.

Lakini fundi aliyezifunga alibana matumizi ya waya, akaziunga zote nne kwenye swichi moja. Ukitaka za chini, za juu nazo zinawaka. Badala ya kumrudia fundi, marehemu aliniletea kipande cha turubai nyeusi, nikamshonea vifuniko viwili vyenye lastiki, vya kuvalisha zile za juu. Akaniambia, "Mke wangu, wewe ndiye swichi ya pili." Tulicheka. Tangu hapo gari halikutoka getini bila vifuniko, na alipofariki mwanangu akaendelea hivyo hivyo. Asubuhi anapeleka manesi hospitali, hiyo ndiyo kazi inayotulisha, pamoja na cherehani yangu.

Jumatatu jioni nilivifua. Nikavianika kwenye kamba uani, nikasahau kumwambia mwanangu.

Jumanne alfajiri nilikuwa kwenye sala niliposikia geti. Nikainua macho dirishani. Ukuta wa nyumba ya mbele ulikuwa mweupe pe, kama umepakwa chokaa. Nikajua taa zote nne ziko wazi. Nikajiambia ataona mwenyewe, atazima, atakwenda polepole. Nikarudi kwenye sala yangu.

Tangu saa ile sikukaa nikatulia. Nilifagia ua mara mbili. Nilishona mkono wa gauni la mteja ndani nje, nikafumua, nikaushona vile vile tena. Nikisali nasahau nilipofika, naanza upya, nasahau tena.

Jumatano nikamuuliza mwanangu. Alikuwa anakula, hakuinua kichwa. Alisema mtu akianguka kwenye ukungu, uliomwangusha ni ukungu. Nikamwambia habari ya kamba na vifuniko. Akasema anajua, aliona taa ziko wazi, lakini manesi walikuwa wanachelewa zamu na bila taa za chini asingeona barabara. Kisha akaweka kijiko chini.

"Neno lako moja, Mama, na leseni imekwenda. Hospitali hawatanisubiri."

Usiku huo nilimsikia akifungua mlango wa uani. Sikutoka.

Alhamisi mchana akaja trafiki, mtu mnene, mpole, aliyebisha hodi na kungoja kukaribishwa. Nyuma yake alikuwa jirani yangu. Trafiki alisema anapita kwenye magari yote ya karibu yenye taa za kuongeza, letu ni la tatu. Akaliwasha, akabonyeza swichi, akainama mbele. Za njano zikawaka. Za juu zilikuwa ndani ya vifuniko, na vifuniko vina tope.

Alisema kuwa na taa hizo si kosa, kosa ni kuwamulika watu nazo. Mwanangu akamwambia hata Jumanne zilikuwa hivyo hivyo, zimefunikwa, atazame tope la barabara lilivyogandia. Trafiki akalikwangua kwa ukucha, akaandika kitu.

"Muulize Mama," mwanangu akasema. "Ndiye aliyevishona."

Nikasogea, nikainama. Lile tope lilikuwa jekundu. Barabara ya hospitali ina changarawe ya kijivu kuanzia kwetu hadi mwisho. Udongo mwekundu pale uko sehemu moja tu, kwenye tuta langu la vitunguu chini ya bomba. Nikageuza macho, nikaona kwenye tuta alama za vidole vinne, udongo umechotwa upya.

Mwanangu alikuwa ananitazama. Jirani naye ananitazama. Nilimwomba Mungu anipe sauti, si maneno, maneno nilikuwa nayo tangu Jumanne.

"Afande, Jumanne hivi vilikuwa kwenye kamba, vimelowa. Nilivifua mimi na sikumwambia, hilo ni langu. Taa nne niliziona kwa macho yangu zikitoka getini. Na tope hili ni la vitunguu vyangu."

Nikamgeukia jirani. Nikamwambia Jumanne aliniuliza vizuri, nami nikamjibu vibaya.

"Nilijua, dada," akasema. "Nilitaka nisikie kwako."

Trafiki akamuuliza mwanangu kama ana la kuongeza. Alizunguka mbele ya gari, akavua kifuniko kimoja, kisha cha pili, taratibu, akikunjua lastiki kwa kidole gumba kama alivyokuwa akifanya baba yake. Akanishika mkono, akavilaza kiganjani mwangu na tope lake. Juu yake akaweka ufunguo wa gari. Halafu akafungua geti, akatoka.