Gasketi ya Pili

Joab aliwaambia watu kwamba mgongo ndio uliomfanya afunge gereji. Uongo huo haukumpa shida. Mzee wa miaka sitini na saba akisema mgongo, nani atauliza zaidi? Lakini ukweli ulikuwa masikioni. Miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, akizunguka kati ya jenereta na mafeni ya kukaushia majani chai. Alipostaafu hakurudi kwao ziwani. Alijenga kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yao, nje kidogo ya Litein, akawa anatengeneza magari ya zamani, yale ambayo vijana wakifungua boneti wanabaki kukuna kichwa.

Sauti zilimwacha moja moja. Kwanza ndege wa asubuhi, kisha manyunyu juu ya mabati. Halafu ukaenda ule mlio mwembamba wa hewa inayopenya mahali isipotakiwa, na kwa fundi wa injini hilo ni sawa na kukatwa kidole. Mwezi wa pili mwalimu mmoja alirudisha gari ambalo Joab alikuwa amemkabidhi akisema limepona.

"Mzee, kwani husikii hii?" mwalimu aliuliza, akielekeza kidole kwenye injini.

Joab aliinama akasikiliza. Alisikia ngurumo tu. Aliitikia kwa kichwa, akampigia simu fundi mwingine aje alichukue gari, na kesho yake hakufungua kibanda. Mkewe Jerusa alikuwa ameshaanza zamani kupaza sauti anapoongea naye, kidogo kidogo, kama mtu anayeongeza chumvi huku akionja.

Edinah alikuja Jumanne moja ya mwezi wa nne, saa nne asubuhi, akiendesha Land Rover ya kijani ya marehemu mumewe. Joab alikuwa akipalilia sukuma wiki. Aliliona gari kabla ya kulisikia, akasimama na jembe mkononi. Kwa miaka kumi na miwili mume huyo, Mzee Kipkirui wa Siongiroi, alikuwa akimletea yeye tu gari hilo, mpaka alipofariki mwaka juzi.

Edinah alishuka, shuka mabegani, madirisha yote ya gari yakiwa wazi na baridi ile ilivyokuwa kali.

"Chamgei, Mzee Joab."

"Chamgei, Mama Kipkemoi. Kumbe siku hizi unaendesha?"

"Sasa nani angeniendesha? Kipkemoi yuko kazini mbali, na kogo hawezi kupanda pikipiki." Kogo, yaani bibi kwa Kikalenjin, alikuwa mama mzazi wa Kipkirui, mwenye miaka tisini na aliyetakiwa kliniki kila mwezi. "Hii gari tu ndio anakubali. Lakini sasa inatupulizia moshi ndani. Safari iliyopita alikohoa mpaka nikasimama kando ya barabara. Na nikisimama, inatetemeka kama ng'ombe iko na homa."

Joab aliyasoma maneno hayo midomoni mwake zaidi ya kuyasikia. "Hiyo kazi nimeacha, mama. Mgongo."

Edinah alilitazama gari, akamtazama yeye. "Fundi mwingine mimi sijui," alisema. "Na sitaki kumjua."

Wakati huo Jerusa alikuwa ametoka jikoni na chupa ya chai. Alimkaribisha mgeni, akammiminia kikombe, akasikiliza habari ya kogo tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hata kumgeukia mumewe, "Atatengeneza. Iache hapa, urudi Ijumaa."

Edinah alipoondoka, Joab alimfuata mkewe jikoni akiwa amekasirika.

"Mbona unanitafutia aibu?"

"Mikono yako ni mizima?" Jerusa alisimama mbele yake.

"Mikono ni mizima."

"Macho?"

"Jerusa..."

"Basi kilichobaki nitafanya mimi. Masikio ninayo mawili, na kazi yao ni kusikiliza redio tu."

Neno masikio halikuwa limewahi kutamkwa kati yao. Joab alivuta kiti, akaketi. Alidhani angeona haya. Badala yake aliona mabega yake yakilegea, kama ametua gunia alilokuwa hajui amelibeba.

Alasiri hiyo walifungua boneti. Joab alimwonyesha mkewe yale mabomba mawili mapana ya chuma yaliyoshikana ubavuni mwa injini. "Hizi zinaitwa manifoldi. Hii inaingiza hewa na petroli. Hii inatoa moshi. Zote mbili zinakaa juu ya gasketi moja ya kuziba mwanya, na gasketi ikichoka, huku moshi unatoroka, huku hewa inaingia kwa wizi." Masizi meusi yalikuwa yamechora mstari pale moshi ulipokuwa ukitorokea. Hilo aliweza kuliona mwenyewe. Hewa ya wizi ndiyo haichori alama. Hiyo husikika tu.

Kufungua kulimaliza asubuhi nzima ya Jumatano, maana nati zilikuwa zimeshikwa na kutu, na moja ilimlazimu kuipasha moto, kuimwagia mafuta na kuisubiri, mara tatu, mpaka ikakubali. Jerusa alikwangua mabaki ya gasketi ya zamani kwa wembe, taratibu, kwa sababu Joab alimwambia mkwaruzo mmoja kwenye chuma ungekuwa njia mpya ya kuvuja. Gasketi mpya waliipata Litein, ya mwisho dukani. Kufikia saa tisa Joab alikuwa na haraka. Alitaka kuiona kazi imekwisha, na zaidi ya hapo alitaka aonekane ameiweza. Alizifunga manifoldi mbili pamoja juu ya meza, akazikaza kabisa, ndipo akazipachika kwenye injini na kukaza nati zake.

Injini iliwaka. Moshi haukutoroka tena popote. Joab alimpa mkewe kipande cha mpira wa maji, akamwelekeza aweke ncha moja sikioni na nyingine aipitishe polepole kando ya gasketi.

Jerusa alipitisha mara moja, akarudia.

"Kuna kitu," alisema kwa sauti, akimwangalia.

"Kitu gani?"

"Kama mtu anafyonza chai ya moto."

"Hiyo ni kabureta."

"Kabureta iko hapa juu. Mimi nasikia huku chini, hili tundu la pili."

"Umeanza ufundi leo, Jerusa?"

Jerusa alikunja mpira vizuri, akauweka juu ya bampa ya gari, akapangusa mikono, akarudi jikoni.

Joab alibaki peke yake na injini. Aliweka kiganja juu ya bati la gari kando ya taa, akausikia mtetemo mdogo. Gari la zamani ni lazima litetemeke kidogo, alijiambia. Moshi umekwisha, kogo hatakohoa, na Edinah hatajua tofauti. Alijiambia hivyo mara mbili, lakini uso wa yule mwalimu haukumtoka. Alizima injini, akaketi juu ya tairi bovu akingoja ipoe, kisha akafungua nati zote upya.

Gasketi ilisema yenyewe. Kuzunguka matundu ya moshi ilikuwa imebanwa mpaka chuma kimeacha chapa. Lakini kwenye tundu la pili la hewa, upande mmoja ulikuwa laini kama umetoka dukani wakati ule. Joab alijua kosa lake papo hapo. Zile manifoldi mbili hufungwa kwa ulegevu kwanza, kila moja ipate kulala sawasawa kwenye uso wa injini. Kisha hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, na boliti zinazoziunganisha zenyewe kwa zenyewe huja mwisho. Kiwandani alikuwa amewafundisha mafundi wengi kazi za namna hiyo. Haraka ndiyo iliyomsahaulisha, haraka na kiburi.

Aliipeleka gasketi jikoni, akaiweka mezani katikati ya maharagwe aliyokuwa akichambua Jerusa.

"Angalia hapa," alisema. "Hapa haikubanwa. Ulisikia sawa. Mimi ndiye niliyekosea, na tena nikakujibu vibaya."

Jerusa aliligusa lile tundu kwa kidole. "La pili," alisema, na tabasamu likamponyoka.

Joab alichukua kiganja cha maharagwe akaanza kuchambua naye. Baada ya muda akauliza, "Umejua tangu lini? Habari ya masikio."

Jerusa alimngoja mumewe ainue macho. "Tangu ulipoacha kucheka nikiongea peke yangu hapa jikoni. Zamani ulikuwa unacheka kutoka huko nje."

"Na mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uniambie."

Gasketi ikishabanwa haitumiki tena, kwa hiyo ya pili iliagizwa Kericho, ikafika Alhamisi kama mzigo wa basi. Safari hii hawakuharakisha. Joab alizifunga manifoldi kwa vidole tu, akazitikisa mpaka akaona zimelala, na Jerusa akawa anampa spana kwa namba. Katikati, kulia, kushoto, halafu mzunguko wa pili, na wa tatu. Boliti za kuunganisha zikaja mwisho. Injini ilipowaka na kupata moto, Jerusa alifumba macho na kupitisha mpira tundu baada ya tundu. Alichukua muda mrefu. Joab hakuitazama injini hata kidogo. Aliutazama uso wa mkewe, kila mkunjo, na akakumbuka kwamba ni miaka mingi hajautazama hivyo bila kuwa anatafuta maneno midomoni.

Hatimaye Jerusa alifumbua macho, akatikisa kichwa.

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna kitu, Baba Aluoch. Inakwenda tu vizuri."

Joab aliiacha injini ipoe, akapitia nati zote mara ya mwisho, kwa sababu joto hulegeza. Kisha akanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka viwiko.

Edinah alikuja Ijumaa na pikipiki. Joab alikuwa amejiandaa. Alisimama mbele yake akaongea kabla hajakabidhi funguo.

"Mama Kipkemoi, kuna jambo ujue. Mimi sikufunga gereji kwa sababu ya mgongo. Sisikii. Aliyesikiliza hii injini ni Jerusa."

Edinah hakushtuka. "Mzee wangu alikuwa anajua," alisema taratibu. "Aliniambia, ukienda kwa Joab, zima gari kwanza. Simama mbele yake ndio uongee. Na kama gari inalia mahali, muonyeshe na kidole, usimuulize kama anasikia."

Joab alimwona Kipkirui akilini, akizima injini, akizunguka mpaka mbele, akiongea polepole kama anayetoa ushuhuda kanisani, kidole chake kinene kikigusa mahali hasa penye tatizo. Yeye alidhani ni tabia ya uzee, au heshima tu.

"Na hakuniambia siku hata moja," alisema, akimkabidhi funguo.

"Angekuambia nini? Mlikuwa mnaelewana."

Edinah aliingia ndani ya gari, akafunga madirisha yote, akawasha. Joab aliweka kiganja juu ya boneti, na safari hii mkono haukupata cha kulalamikia. Gari lilipanda mpaka barabarani likapotelea kwenye kona ya mashamba ya chai. Jerusa akaja akasimama mbele ya mumewe.

"Jumatatu tunakwenda Kericho," alisema. "Kwa daktari wa masikio."

Joab aliangalia pembeni. "Sijasikia."

Jerusa alicheka mpaka akashika kiuno, na Joab, aliyekuwa akimwangalia akicheka, akajikuta naye anacheka.

"Saa ngapi?" akauliza.