Sanduku la Kumi na Saba

Karatasi ya maabara ilimfikia Profesa saa mbili asubuhi, na mpaka saa nne hajapata mdomo wa kuisema. Mwanamke huyu, jamani, ndiye aliyeanzisha programu ya haki za binadamu pale chuoni. Ndiye aliyewaketisha meza moja wanasheria, madaktari na wanahistoria, watu waliokuwa wakinyimana hata salamu. Kwa miaka minane walitafuta majina ya mifupa iliyofukuliwa kwenye kaburi la halaiki. Alishakaa na familia mia tatu akiziuliza, "Mmempoteza nani?" Leo ulimi ulikuwa mzito kwa mtu mmoja tu, tena anayemfagilia ofisi.

Wote walimwita Shangazi, walimu kwa wanafunzi. Naye hakuwaacha hivihivi: mwanasheria alimbandika jina la Bwana Makaratasi, na Profesa akisahau kula mchana alikaripiwa mbele za watu. Wiki mbili nyuma Shangazi aliingia kikaoni na birika la chai, akaona mezani picha ya sweta la kijivu lililofukuliwa pamoja na mifupa, kiwiko kina kiraka kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Akalitua birika polepole.

"Kiraka hicho nimeshona mimi," alisema. "Uzi wa kijivu uliniisha. Mwanangu akaninunia siku nzima, halafu akalivaa hilohilo siku ya maandamano. Hakurudi."

Wakamchukua mate ya kupima vinasaba. Majibu ndiyo haya.

"Shangazi, njoo ukae."

"Nikae na ukumbi haujapigwa deki? Wewe sema, nasikia."

"Kaa, tafadhali."

Akakaa, kitambaa cha vumbi mkononi. Profesa akajikaza kisabuni. "Majibu yamekuja. Ni yeye."

Shangazi hakupiga kelele. Alikikunja kitambaa mara nne, akakikunjua, akakikunja tena.

"Yuko wapi?"

Swali hilo ndilo Profesa alilokuwa akiliogopa tangu asubuhi. "Yuko hapahapa. Chumba cha mwisho. Sanduku la kumi na saba."

"Chumba ninachokisafisha mimi?"

"Ndiyo."

"Mliniambia mle mna vifaa vya masomo."

"Tuliona tusikutishe."

Wasimtishe! Wasomi wazima, wamezunguka nchi nzima wakigonga milango ya watu, na huyu anayewapikia chai hakuna aliyemuuliza kama ana mtu wake aliyepotea. Aibu ilimpanda Profesa mpaka machozi yakamtoka. "Miaka minane, Shangazi. Sikukuuliza hata siku moja. Nisamehe."

Mawazo ya Shangazi yalikuwa mbali. "La kumi na saba ni lile la chini, karibu na mlango?"

"Ndilo."

"Uwiii, mwanangu! Nilikuwa nalisukuma kwa mguu nipate kupiga deki."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, na Profesa akamshika mabegani.

Baadaye wakaongozana ukumbini, taratibu, ndoo ya maji ikiwa bado katikati ya njia. Kwenye mlango wa mwisho Shangazi alivua viatu akaviegemeza ukutani. Profesa naye akavua vyake. Funguo zilikuwa kiunoni mwa Shangazi kama siku zote, lakini hakuzigusa kwanza. Alijipangusa uso kwa kile kitambaa, akapiga hodi.