Gari Lililong'ang'ania Lami

Feni yenyewe ilitoka kwenye ghala la mahindi. Verlyn Meints alikuwa fundi wa mitambo ya kukaushia nafaka huko Wessel, Iowa, na kwa miaka thelathini alisikiliza feni zikivuma bila kuwaza lolote zaidi ya mkanda kukatika. Siku moja ya mwaka 1978, akiwa amejilaza kando ya feni moja, kofia yake ilivutwa ikanata kwenye wavu, na ikambidi atumie mikono miwili kuibandua. Mtu mwingine angetukana akaendelea na kazi. Verlyn alibaki palepale sakafuni akiwaza gari la mbio.

Wazo lake lilikuwa jepesi, na wepesi huo ndio uliowaudhi watu baadaye. Iweke feni nyuma ya gari, iunganishe na injini kwa mkanda, zungushia tumbo la gari mapazia ya mpira yanayogusa lami. Feni inanyonya hewa yote ya chini, gari linanata kama ile kofia, na kona ambayo wenzako wanaipita kwa kumwomba Mungu, wewe unaipita umekanyaga mafuta mpaka mwisho. Kitabu cha sheria za uwanja wa mbio wa Wessel kilikuwa na kurasa sita, na hakuna hata mmoja uliotaja feni. Verlyn alikisoma mara nne, polepole, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye wosia.

Lakini kitabu hicho kilikuwa na tabia ya kunenepa. Kila Oktoba wenye magari, watu kumi na watano, walikula pamoja katika ukumbi wa chini ya kanisa la Kilutheri, na baada ya pai walinyoosha mikono kuamua nini kipigwe marufuku. Mikono minane ilitosha. Walijidai wanaangalia usalama, ila kilichozikwa kila mwaka kilikuwa kile kilichoshinda kupita kiasi. Mwaka 1974 walizika gari la Leland Oltmanns lenye injini mbili, na aliyetunga sentensi ya kulizikia, "Gari moja, injini moja," alikuwa Verlyn mwenyewe. Hakuwahi kujuta.

Kwa hiyo safari hii alijipanga. Dereva wake alikuwa Dwight Tjaden, mume wa dada yake, aliyekuwa ameshiriki mbio miaka kumi na saba bila kushinda fainali hata moja. Agosti nzima ya mwaka 1979 Dwight aliendesha gari lile mkanda wa feni ukiwa umefunguliwa, ili watu walizoee. Wakalizoea. Wakaliita kifyonza vumbi, wakamuuliza Dwight kama anapokea na kazi za mazulia. Alimaliza wa sita, kisha wa nne, akacheka pamoja nao. Mkanda ulifungwa siku za majaribio tu, uwanja ukiwa mtupu. Dwight alikanyaga mafuta mpaka mwisho, mzunguko baada ya mzunguko, na Verlyn aliitazama saa yake mara tatu kabla ya kuiamini.

Siku ya fainali, mwanzoni mwa Septemba, alifunga mkanda na kutoa amri moja.

"Shinda kwa urefu wa gari moja tu, shemeji. Ukizidisha, Oktoba wananizika."

Dwight alishinda kwa mizunguko miwili.

Feni iliwarushia waliokuwa nyuma kila kokoto la uwanja ule, na Leland Oltmanns akarudi na mdomo uliochanika. Hakuna aliyetaja mazulia tena. Verlyn hakumpa Dwight hata mkono. Ilimuuma, na sababu ya kumuuma aliijua: mara moja katika maisha yake alikuwa ametengeneza kitu ambacho hakikuwahi kuwepo Wessel, na shemeji yake alikuwa amekiuza kwa makofi ya dakika tano. Kwa wiki tano waliketi kanisani benchi moja bila kusalimiana.

Wiki hizo hizo Verlyn alizunguka mashamba akibembeleza. Alijishusha kuliko alivyowahi kujishusha kwa mtu yeyote, na akapata ahadi za watu saba kwamba hawatanyoosha mkono. Pamoja na yeye, wanane. Waliobaki hata wakinyoosha wote, mikono ni saba, na gari litaishi.

Alikuwa mezani ukumbini, moyo umetulia, Dwight alipokuja na sahani yake ya pai akaketi mbele yake.

"Mwakani nani anaendesha?"

"Mtu anayesikia," Verlyn akasema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ila wewe umetaka kuvunja langu."

Dwight aliikata pai vipande, asile hata kimoja.

"Nilikusikia. Mzunguko wa tatu niko mbele, nikayakumbuka maneno yako, nikainua mguu kidogo kwenye kona. Injini ikapungua mwendo, feni nayo ikapungua. Gari likaachia lami yote kwa mpigo mmoja. Ukuta ulikuwa hapa." Akagusa ukingo wa sahani ya Verlyn.

"Ukafanya nini?"

"Nikakanyaga. Likashika. Sikuinua tena mpaka bendera."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangelizika. Hujawahi kupenda kitu kama unavyolipenda hilo gari." Dwight alishusha sauti. "Mimi nimeshastaafu, shemeji. Lakini huyo wako anayesikia, siku utakapomwambia apunguze, atapunguza."

Verlyn aliisogeza sahani yake kando. Aliyapitia majaribio yote kichwani, moja moja, na katika yote mguu ulikuwa chini. Hakuwahi kuuliza ukiinuka inakuwaje. Dawa aliiona papo hapo, maana fundi alikuwa fundi: feni ipewe injini yake ndogo. Kisha akaukumbuka ukurasa wa nne wa kitabu cha sheria, "Gari moja, injini moja," na nani aliyeuandika.

Leland ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alisoma pendekezo, akawaomba wanaotaka feni ipigwe marufuku wanyooshe mikono. Alihesabu saba. Akahesabu tena, akapata saba, akatikisa kichwa na kuishika kalamu aandike kwamba pendekezo limeanguka. Hapo akaona mkono wa Verlyn uko juu.

"Unataka kusema kitu, Verlyn?"

"Hapana. Hesabu na huu."

Leland aliandika nane. Upande wa pili wa meza Dwight aliinamisha kichwa, akaanza kula pai yake.