Mwethya wa Madirisha

Tangu amzike mkewe, Wathome hakumwamini mkubwa yeyote, na bweni la shule ya wasichana pale Mumbuni lilimwongezea sababu. Bintiye Ndanu alilala humo, na madirisha yote yalikuwa na vyuma. Moto ukizuka, watoto watatokea wapi? Mwalimu mkuu, Bi Katunge, alisema vyuma ni vya kuzuia wezi, hawezi kuvitoa mpaka polisi wamhakikishie ulinzi. Polisi walimngoja chifu. Chifu naye aliwangoja wazazi. Wathome akasema wote wamekaa kama wageni wanaongoja chai kwenye nyumba isiyo na mwenyewe.

Kaluki, kiongozi wa kina mama wa hapo, alichoka kumsikia. Akaitisha mwethya, ile kazi ya pamoja waliyorithi kwa wazee wao. Jumamosi wazazi wakaja na misumeno ya chuma. Bi Katunge na mkuu wa kituo, Afande Musili, wakaja na hotuba. Walidhani ni mkutano. Wakauliza viti viko wapi.

Kaluki akawaeleza kwa upole kwamba mwethya hauna mgeni: asiyeshika kazi haonji muthokoi. Na sufuria ya mahindi hayo yaliyokobolewa na maharagwe ilikuwa inanukia. Afande akavua kofia. Wathome alimshikia chuma akikata, huku akimwambia kwamba polisi anaowajua yeye hufungia watu ndani, hajaona wa kufungua. Afande alicheka tu, jasho likimtiririka. Bi Katunge naye alibeba vipande, akivipanga ukutani kama anasahihisha mtihani.

Dirisha la mwisho lilipokuwa wazi, Ndanu akaruka nje, akatua mbele ya baba yake. Wathome akamshika bega, akakawia kumwachilia. Kisha uchungu ukamrudia.

"Na wezi je, Afande? Doria mtaanza lini, ama mpaka muunde kamati?"

"Leo," Afande akasema. "Askari wangu pamoja na wazazi, kila usiku. Wewe ndiye wa kwanza, mzee. Mtu anayeona makosa yetu yote hivyo, mwizi atampita wapi?"

Kina mama wakaangua kicheko.

"Baba Ndanu," Kaluki akasema, "pole. Umeingia serikalini."

Wathome akanung'unika kwamba serikali ni ile ile, kazi yake humsukumia raia. Halafu akauliza wakutane lango la juu au la chini.