Ukuta wa Nyuma ya Kabati

Mchwa ndio walioyaanza yote haya. Waliitafuna miguu ya kabati kubwa la sebuleni, lililofika darini, mpaka likaanza kuegemea mbele, na mama mwenye nyumba, ambaye kwa miaka thelathini na moja hakutaka kusikia habari ya kulisogeza hata shubiri moja, akasalimu amri. Kabati likatolewa. Ukuta ukabaki mtupu, mpana, na mumewe akautazama kwa aibu kidogo, kama mtu aliyekutwa na wageni hajavaa shati.

Mumewe walimwita Timazi. Jina alipewa na waashi wenzake kwa sababu ya kile kiuzi chenye uzito, cha kupimia ukuta kama umesimama wima, ambacho hakikumtoka mfukoni. Sasa alikuwa amestaafu, magoti yalishagoma. Ulimi wake haukustaafu. Akialikwa kwa watu alianza kukagua kuta kabla hajaketi, kisha akanong'ona, "Hii kazi imelipuliwa," kwa mnong'ono ambao hata jirani wa tatu aliusikia. Nyumba yake mwenyewe hakuna wa kuigusa. Aliijenga kwa mikono yake, ukiacha ukuta huu mmoja, ambao mwenzake Kijiko aliusimamisha wakati yeye amelazwa hospitali, mguu umevunjika baada ya kuanguka kutoka jukwaa la ujenzi. Hata huo aliujumlisha kwenye sifa zake, maana Kijiko alifundishwa na yeye.

Jumamosi asubuhi binti yao wa kwanza, mwalimu, alifika na picha kumi na tisa za familia, zote kwenye fremu, pamoja na rundo la magazeti. Aliilaza kila fremu juu ya gazeti, akaichora, akakata, akavibandika vile vipande ukutani kwa utepe wa gundi, akawa anavihamisha huku na huku kabla ya msumari wowote kupigwa. Harusi alizikusanya pamoja. Wajukuu aliwazungusha pembeni.

"Mama, babu hapa amenuna. Nimweke wapi?"

"Mweke karibu na shangazi yako. Wanuniane wao kwa wao."

Katikati ya vyote aliacha nafasi ya picha ya siku waliyohamia. Juu kabisa alipanga picha sita, akataka ziwe kwenye mstari mmoja.

"Hapo niachieni mimi," alisema Timazi, akatoa pima maji yake kwenye mkoba.

Alipima, akapiga mstari kwa penseli, akagonga misumari, akatundika. Kisha akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa mlango. Picha zilikuwa zimekwenda upande. Mwisho wa kulia, kati ya fremu na dari paliingia vidole vitano. Mwisho wa kushoto, vitatu.

"Umekosea kupima, baba."

Maneno hayo hakuwa ameambiwa tangu akiwa mwanafunzi wa uashi. Alipanda tena kwenye kiti, goti likilia. Lile tone la hewa ndani ya pima maji lilikuwa katikati, limetulia. Picha zilikuwa sawa. Ukuta ndio uliokuwa umeinama kushoto, na dari imeufuata, vidole viwili vizima.

"Kijiko!" alifoka. "Miaka yote namsifu mbele za watu, kumbe amenijengea takataka ndani ya nyumba yangu! Mwalimu, nipe simu. Nampigia sasa hivi, na Jumatatu naubomoa."

"Weka simu chini," alisema mkewe.

"Kwa nini niweke?"

"Kijiko hakuujenga. Alikuja siku moja, akafunga uzi wa kupangia matofali, akaitwa kazi ya mbali, akaenda. Mvua zilikuwa mlangoni na wewe umelala hospitali. Tuliujenga mimi na mdogo wangu. Huyu mwalimu nilikuwa nimembeba mgongoni. Uzi ulilegea. Sikujua kama uzi unalegea."

Mwalimu alitaka kucheka, aseme kumbe na yeye ni fundi. Akamwona baba yake usoni, akakimeza kicheko.

"Miaka thelathini na moja unanifanya mjinga," alisema Timazi polepole. Ilimuuma, tena sana.

"Ningekwambia, ungeubomoa."

Angeubomoa siku hiyohiyo, na magongo yake kwapani.

Aliketi. Miguuni pake, picha ya katikati ilikuwa bado inasubiri msumari. Aliiokota. Alikuwamo yeye, magongo mawili, anacheka kwa kuwa amerudi akakuta nyumba ina kuta pande zote nne. Pembeni yake alisimama mkewe, kijana, mikono ameificha nyuma. Picha hii aliizoea. Kila alipoionyesha kwa wageni alimtania mkewe kwamba amesimama kama mtoto wa shule asiyefanya kazi ya nyumbani, na mkewe alicheka na wageni.

"Mikono ilikuwa na nini?" aliuliza.

"Saruji iliila. Ngozi ilitoka yote. Mpiga picha aliniambia niitoe, nikakataa."

Timazi aliinuka, akang'oa misumari yote sita ya juu.

"Mwalimu, shika futi. Pima vidole vinne kutoka darini, kila picha."

"Na pima maji?"

"Siku ile pima maji haikuwepo," alisema, akairudisha mkobani.

Mchana zote kumi na tisa zilikuwa juu, zimelala na ukuta, wala jicho halikuona kasoro.

Kijiko ndiye aliyeiona. Alikuja wiki iliyofuata kusalimia, akaweka kichwa upande, akamtupia mama mwenye nyumba jicho la wasiwasi, jicho la mtunza siri wa miaka mingi. Alikuwa amekuja na mkwewe, kijana mjenzi mwenye maneno, na kijana naye akaweka kichwa upande.

"Mzee, ukuta huu si umeinama? Nani fundi wake?"

Kijiko alikohoa, tayari kuubeba mzigo. Timazi alimzuia kwa mkono, akaelekeza kidevu kwenye picha ya katikati.

"Huyo aliyeficha mikono," alisema. "Na ukuta haujaanguka."